Faneli za Vurra

Msafiri atokaye mjini Arua kwenda kusini hufika Vurra kabla hajamaliza kilomita 20. Jina hilo ni la kaunti nzima katika wilaya ya Arua, na ndilo jina la wenyeji wake pia, ambao ni tawi mojawapo la Walugbara. Lakini mwenye lori akitamka "Vurra" aghalabu humaanisha kituo cha forodha tu, pale ambapo Uganda hukoma na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huanza. Hapana mto wa kuvuka wala mlima wa kupanda. Kuna miinuko ya chini, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari; kuna mashamba ya mihogo, mtama na tumbaku; kuna miembe, maduka, na kizuizi barabarani. Mgeni huweza kujiuliza kwa nini wakubwa wa zamani walichora mpaka wa nchi mahali pasipo na alama yoyote.

Jibu limo katika mvua. Katika mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 baina ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili, aliyeitawala Kongo kama mali yake mwenyewe, iliandikwa kwamba mpaka ufuate mgongo wa nchi unaogawa maji ya Nile na maji ya Kongo. Mgongo huo ndio unaopita Vurra. Hauonekani kwa macho, kwani ni wa mteremko mdogo sana, lakini maji huujua. Mvua inyeshayo upande wa Uganda huteremka katika vijito mpaka mto Enyau, ule unaoupatia mji wa Arua maji yake, kisha huingia Nile na kwenda kupitia Sudani na Misri hadi Bahari ya Mediterania. Mvua ya upande wa pili, hatua chache tu kutoka hapo, huelekea mto Kibali. Kibali hukutana na Dungu na kuitwa Uele; Uele hukutana na Mbomu na kuitwa Ubangi; Ubangi huingia katika mto Kongo, nao humwagika katika bahari ya Atlantiki. Matone mawili yaliyotoka katika wingu moja huachana Vurra, yasionane tena.

Kwa hiyo Vurra ni ukingo wa faneli mbili kubwa kuliko zote za Afrika. Bonde la mto, likitazamwa vema, ni faneli: juu ni pana, hukusanya kidogo kidogo kutoka kila pembe, na chini ni jembamba, hutoa yote mahali pamoja. Mwalimu wa jiografia anayetaka watoto waelewe jambo hili hana haja ya ramani ya bei kubwa. Faneli mbili za bati zilizolazwa ukingo kwa ukingo, na kikombe cha maji kilichomiminwa pale zinapogusana, hutosha kabisa.

Na mvua yenyewe, kabla haijagawanyika, hupimwa kwa faneli. Kipimo cha mvua kilichoenezwa na Waingereza katika Afrika Mashariki ni mkebe wa shaba nyekundu ambao mdomo wake una kipenyo cha inchi 5, yaani milimita 127. Ndani ya mdomo huo mna faneli inayoteremsha maji katika chupa iliyofichwa chini. Watu wengi hudhani kazi ya faneli hapo ni kukusanya tu. Kukusanya kungeweza kufanywa na ndoo. Kazi yake kubwa ni kulinda: shingo ikiwa nyembamba, jua haliyafikii maji na kuyakausha kabla mpimaji hajaja kuyapima saa tatu asubuhi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba ya ardhi, na mkulima akijua hesabu hiyo hataona tena kipimo cha mvua kuwa ni chombo cha wataalamu peke yao.

Tuiache mvua, twende sokoni. Katika masoko ya Arua na ya mpakani, faneli ya kawaida hutengenezwa na fundi bati. Malighafi yake ni debe la mafuta ya kupikia, mkebe wa maziwa ya unga au kipande cha bati la paa. Huchora nusu duara, huikata kwa mkasi wa bati, huikunja hata ncha mbili zikutane, huzifinya pamoja kwa nyundo, hukata kincha cha chini, na kulehemu mrija mfupi mahali hapo. Fundi huyo huenda hakukaa darasani miaka mingi, lakini kazi yake ina kanuni ya hesabu isiyokosea kamwe: nusu duara ikikunjwa hufanya pia yenye pembe ya nyuzi 60, liwe bati dogo au kubwa. Faneli za maabara za shule za sekondari zina pembe hiyo hiyo, na sababu yake inapendeza. Karatasi ya kuchujia, ambayo ni duara, mwanafunzi huikunja mara mbili ikawa robo, halafu huifungua upande mmoja. Nayo hufanya pia ya nyuzi 60, ikakaa ndani ya faneli bila kuacha pengo. Akitaka faneli pana zaidi, fundi hukata robo tatu ya duara badala ya nusu. Hiyo hufaa kwa nafaka, kwa sababu nafaka huziba kwenye shingo nyembamba. Mdomo mpana wa mashine ya kusaga unga, ule ambao mama huminia mahindi au mihogo mikavu, ni faneli ya namna hiyo iliyofungiwa injini chini yake.

Mambo haya yangeweza kufundishwa kwa watoto wa darasa la sita wakiwa na mkasi na karatasi kuukuu tu. Inasikitisha kuona eneo la pia likikaririwa ubaoni, na hali mtoto amepita penye kibanda cha fundi bati asubuhi ile ile bila kuambiwa asimame atazame.

Jina lenyewe "faneli" tumelipata kwa Waingereza, nao walilipata kutoka katika Kilatini, katika neno lenye maana ya kumimina ndani. Upande wa pili wa kizuizi cha Vurra, Wakongo waliosoma husema "entonnoir" kwa Kifaransa, neno lililojengwa juu ya pipa: chombo cha kutilia pipani. Hivyo Mwingereza aliangalia tendo, Mfaransa akaangalia pipa. Waswahili wa kale wa pwani walikuwa na vitu vingi vya umbo hilo na kila kimoja kilikuwa na jina lake. Kawa, kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa ukindu, ni faneli iliyopinduliwa isiyo na tundu. Mgono, mtego wa samaki, ni faneli iliyolazwa. Karatasi iliyoviringwa na muuza karanga ni faneli iliyozibwa chini. Labda ndiyo sababu hawakuhitaji jina moja la kuvikusanya vyote.

Hata hivyo, faneli iliyojulikana zaidi katika nchi ya Arua ilikuwa ya petroli, na habari zake zinahitaji kuelezwa kwa kirefu.

Vita vya mwaka 1978 na 1979 baina ya Tanzania na utawala wa Idi Amin vinajulikana kwa kila mtu. Kisichojulikana sana ni yale yaliyofuata huko kaskazini-magharibi. Kwa kuwa Amin alikuwa mtu wa Koboko, wakazi wengi wa Arua na Koboko, wenye hatia na wasio na hatia, waliogopa kulipiziwa kisasi, wakakimbilia Zaire na Sudani. Waliishi huko miaka kadhaa kama wakimbizi. Vijana walijifunza lugha za huko, njia za huko na biashara za huko. Waliporudi kwao katika miaka ya 1980 hawakukuta kazi, lakini walikuwa na elimu moja ambayo haifundishwi chuoni: walijua kila kijia kinachovuka mgongo ule wa maji.

Biashara waliyoishika ilikuwa ya mafuta ya magari. Utaratibu wake ni kama kichekesho, lakini ulikuwa wa kweli. Mafuta huingia bandari ya Mombasa na kusafirishwa kwa bomba mpaka Eldoret, huko Kenya. Kutoka hapo malori huyachukua. Mafuta yaliyokusudiwa kuuzwa Uganda hutozwa kodi ya Uganda. Yaliyoandikiwa Kongo hupita tu, hayatozwi. Basi lori lilivuka Uganda yote likiwa limefungwa lakiri, likapita mpakani, likamwaga mafuta yake upande wa Kongo, katika miji kama Ariwara. Usiku, mafuta yale yale yalirudi Uganda kwa baiskeli na pikipiki, katika madumu ya plastiki ya lita 20, kupitia njia za panya. Asubuhi yaliuzwa Arua kando ya barabara kwa bei ndogo kuliko ya vituo vya petroli. Vijana wale waliitwa na mji mzima "OPEC Boys", kwa mzaha uliotokana na jina la ule umoja wa nchi zinazouza mafuta ulioanzishwa Baghdad mwezi Septemba 1960. Wao hawakuwa na visima wala matangi. Mtaji wao ulikuwa madumu, kipande cha mpira na faneli.

Kwa miaka ya 1980 na 1990, na hata baada ya mwaka 2000, mwenye gari mjini Arua alizoea kusimama chini ya mti. Kijana alikuja na dumu, akatumbukiza faneli kwenye tundu la tangi, akatandaza kitambaa juu ya mdomo wa faneli ili kuchuja uchafu, akamimina. Kitambaa kile kilikuwa na maana kubwa kwa dereva. Kilipoonyesha mchanga na kutu, aliridhika kwamba vimebaki nje. Lakini kitambaa hakichuji mafuta ya taa yaliyochanganywa ndani ya petroli, na hilo dereva aligundua mlimani, injini ilipoanza kukohoa. Mnunuzi mwenye uzoefu alinusa kwanza, kisha akangoja mpaka tone la mwisho lishuke kutoka katika faneli, kwani lililobaki katika faneli ni la muuzaji.

Serikali iliwafukuza mara nyingi, na mara nyingi iliwaacha. Si vigumu kuona sababu. Kijana anayemimina petroli barabarani amekwepa kodi, nayo kodi ndiyo dawa ya zahanati na chaki ya shule. Lakini kijana huyo huyo, akinyang'anywa dumu bila kupewa kazi, yumo katika mkoa ambao umeona vikundi vya waasi zaidi ya kimoja tangu mwaka 1979. Watawala walipima hayo mawili, wakafumba jicho moja. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kusifiwa katika kitabu cha sheria, wala haulaumiki kwa urahisi na mtu aliyekaa mbali.

Sehemu inayohusu kurasa hizi za nyumbani hasa ni ile iliyofuata baada ya mauzo. Mkoa huo ulikaa miaka mingi nje ya gridi ya umeme ya taifa, na taa ya nyumba nyingi ilikuwa koroboi au kandili. Mafuta yaliyouzwa kando ya barabara yaliingia nyumbani katika chupa za soda na za bia. Faneli ile ile iliyopitisha petroli asubuhi ilipitisha mafuta ya taa jioni, na pengine mafuta ya kupikia kesho yake. Hapo ndipo balaa lilipojificha, na halikuwa balaa la Arua tu; hutokea Mwanza, Kisumu na Bukavu vile vile.

Mafuta ya taa yakipata petroli kidogo hugeuka kuwa kitu kingine. Koroboi iliyotiwa mchanganyiko huo huweza kulipuka mkononi mwa mama au juu ya daftari la mtoto anayesoma. Kiasi kilichobaki kwenye kuta za faneli kinaonekana kidogo, lakini nyumba isijaribu kukipima. Faneli ya petroli isitumike kwa kitu kingine chochote. Taa ijazwe ikiwa imezimwa na imepoa, tena mchana. Na petroli isimiminwe ndani ya nyumba, kwa sababu mvuke wake ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni bila kuonekana hadi kwenye jiko la mkaa lililo chumba cha pili, ukarudi na moto.

Jambo la pili ni mtoto mdogo mwenye kiu. Chupa ya soda kwake ni soda. Akinywa mafuta ya taa, hatari kubwa haiko tumboni, iko mapafuni, kwani mafuta hayo ni mepesi na huteleza kwenye njia ya hewa mtoto anapopaliwa. Bibi wa nyumba nyingi hukimbilia kumtapisha, ama kumnywesha maziwa au mafuta ya kula ili atapike. Asifanye hivyo kabisa. Mtoto akitapika, mafuta hupita kooni mara ya pili na kupata nafasi nyingine ya kuingia mapafuni. Avuliwe nguo zilizolowa mafuta, aoshwe ngozi, apelekwe kituo cha afya upesi, hata kama anaonekana hana neno, na chupa yenyewe ichukuliwe ili mganga aione. Dawa bora kuliko zote ni dumu dogo lenye kifuniko cha kukaza, lililowekwa juu mtoto asipofika, na faneli yake imetundikwa pembeni kwenye msumari wake wenyewe.

Wale vijana wa mafuta walipata madhara hayo hayo kwa njia nyingine. Ili kuhamisha petroli kutoka pipani walivuta mpira kwa mdomo mpaka mafuta yaanze kushuka. Aliyechelewa kutoa mdomo alimeza. Kukohoa kwa siku kadhaa baada ya hapo kulichukuliwa kuwa sehemu ya kazi.

Tukiwa bado katika kumimina, yafaa kueleza kwa nini faneli nyingine hukoroma na kutapika. Chombo kinachoitwa kitupu kimejaa hewa. Faneli ikiziba tundu sawasawa, hewa haina pa kutokea, nayo huyazuia mafuta yasishuke. Kisha hupenya kwa nguvu juu na kumrushia mminaji usoni. Wenye ujuzi huinua faneli kidogo, ama hupenyeza kijiti baina ya faneli na mdomo wa chupa. Kiwanda hutia matuta madogo upande wa nje wa shingo kwa kusudi hilo hilo. Asiye na faneli kabisa hukata chupa ya plastiki ya maji katikati na kuipindua. Na asiye na chupa huviringa jani la mgomba.

Siku hizi vituo vya petroli vimeongezeka sana mjini Arua, ambao ulifanywa jiji tarehe 1 Julai 2020, na barabara ya lami ya kilomita 92 inatoka Vurra, inapita Arua na Koboko na kufika Oraba, kwenye mpaka wa Sudani Kusini. Kongo nayo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kizuizi cha Vurra hakikuondoka kwa hayo. Forodha kwa asili yake ni shingo ya faneli: nchi pana upande huu, nchi pana upande ule, na katikati tundu moja ambapo kila gunia la maharage, kila katoni ya sabuni na kila mbao kutoka misitu ya Kongo hupaswa kupita mbele ya ofisa mwenye kalamu. Shingo ikibanwa mno, malori hujipanga na nyanya huoza. Ikilegezwa mno, hazina ya nchi hubaki tupu. Na ikiwa faneli ina matundu ubavuni, kama ilivyo kwa mpaka usio na mto wala ukuta, ofisa atakaza shingo mpaka achoke na mali itapita kandoni. Mwanamke wa Vurra mwenye shamba huku na shangazi kule, anayevuka na kikapu cha mihogo kama alivyovuka nyanya yake, hajihesabu kuwa mlanguzi. Mgongo wa maji haukupata kutenganisha ukoo wake; karatasi ya mwaka 1894 ndiyo iliyofanya hivyo, na waliotia sahihi hawakuwa wamefika huko.

Faneli nyingine hazipitishi kitu, hunasa. Mgono ambao wavuvi wa mito na maziwa huusuka kwa fito una mlango wa umbo la faneli unaoelekea ndani. Samaki huingia kwa upana, husukuma ncha laini za fito, na akishapita huzitafuta asizione, kwa kuwa huzunguka kandokando ya mtego na mlango uko katikati. Dema la pwani hufanya kazi kwa hila hiyo hiyo. Mdudu mdogo achimbaye mashimo ya mchanga mkavu chini ya vipenu vya nyumba hutumia faneli ya tatu: hukaa chini kabisa, sisimizi akikanyaga ukingo mchanga huporomoka, naye huteremka mpaka mdomoni mwa mwenye shimo. Watoto wa Afrika Mashariki yote humchokoza mdudu huyo kwa kijiti. Na kumbikumbi, ambao Walugbara huwapenda kama kitoweo na kama zawadi ya mgeni, hunaswa vivyo hivyo. Kichuguu hufunikwa kwa majani na nguo, huachwa upenyo mmoja wa nuru unaoelekea shimoni au chunguni, na pengine vijiti hugongwa ili wadudu wadhani mvua imeanza. Wote hukimbilia nuru, wote hufika mahali pamoja. Hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo.

Katika mashamba ya tumbaku ya mkoa huo kuna faneli nzuri kuliko zote hizi, ambayo mkulima haitaki. Ua la tumbaku ni mrija mwembamba unaopanuka mdomoni, wenye rangi ya waridi iliyofifia. Mkulima hulivunja mara linapochanua, ili nguvu ya mmea irudi katika majani.

Lipo pia jambo la faneli ya akilini. Katika mji wa Nürnberg, Ujerumani, mwandishi Georg Philipp Harsdörffer alianza mwaka 1647 kutoa kitabu alichokiita Faneli ya Ushairi, akiahidi kummiminia msomaji sanaa ya kutunga kwa muda wa saa sita. Tangu hapo Wajerumani huizungumzia "faneli ya Nürnberg" kwa utani, wakichora mwanafunzi aliyechomekwa faneli utosini na mwalimu akimimina. Mwalimu yeyote aliyepata kusimamia darasa la watoto mia moja ataicheka picha hiyo, halafu ataacha kucheka. Katika darasa kama hilo kumimina ndiko kunakowezekana, na kingi humwagika nje.

Umbo hili, likigeuzwa, hutoa sauti. Siwa ya Pate ya pembe za ndovu na siwa ya Lamu ya shaba, ambazo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lamu, zina midomo iliyopanuka ili pumzi ya mtu mmoja isikike mji mzima. Waalur, jirani wa kusini wa Vurra, wana agwara, tarumbeta ndefu zinazopulizwa kwa ubavuni, na kundi la wapulizaji hugawana sauti, kila mmoja na yake, mpaka wimbo ukamilike. Spika ya shule na ya msikiti ni ndugu wa vyombo hivyo.

Lakini faneli ya sauti iliyo muhimu kuliko zote katika kituo cha afya cha mpakani ni ndogo, ya mti au ya alumini, haifiki urefu wa kalamu mbili. Mganga wa Kifaransa Adolphe Pinard aliibuni mwaka 1895. Kabla yake, mwaka 1816, mwenzake René Laennec alikuwa ameviringa karatasi na kuiweka juu ya kifua cha mgonjwa, akashangaa kusikia moyo waziwazi kuliko kwa sikio tupu. Chombo cha Pinard hakitumii umeme wala betri, hakina kioo cha kuvunjika, na hakihitaji fundi kutoka Kampala. Kwa sababu hiyo kimebaki mifukoni mwa wakunga wa vijijini hata baada ya mashine za kisasa kuingia hospitali kubwa.

Mama mjamzito hulala chali, au kwa ubavu kidogo. Mkunga hupapasa tumbo kwanza kutafuta mgongo wa mtoto uko upande gani, kwani moyo husikika vema zaidi hapo. Huweka upande mpana juu ya tumbo, huinama, hubandika sikio kwenye upande mwingine, na kuondoa mkono wake ili usitie kelele. Huwaomba waliopo wanyamaze. Mkono mmoja hushika mshipa wa mama, ili asije akahesabu moyo wa mama akidhani ni wa mtoto. Huo wa mama huenda polepole zaidi. Kisha hutazama saa na kuhesabu kwa dakika nzima. Mapigo baina ya 110 na 160 ni ya mtoto mzima. Yakipungua chini ya hapo na yasirudi, au yakizidi, maana yake huenda mtoto anakosa hewa, na gari la kumpeleka mama Arua halina budi kutafutwa wakati huo huo. Nje, malori huunguruma kwenye foleni ya forodha, na mkunga hulazimika kuhesabu upya. Akifika 140 huandika kwenye kadi, humpangusia mama tumbo, humwonyesha siku ya kurudi, na kumwita anayefuata.